Mwaka Senge Alipoanza Sindano

Mwezi uliopita tulikutana Bungoma, watoto wote wa ukoo, juu binamu yangu alikuwa analeta bibi nyumbani. Kulikuwa na tenti, kulikuwa na muziki ya kuumiza masikio, na baada ya kula Senge akalala kwa kiti ya plastiki, mdomo wazi, leso imeanguka kutoka kwa mabega. Senge ni dada ya baba yangu, hivyo ndivyo sisi Wabukusu tunaita shangazi. Watu walikuwa wanacheka na kupiga picha. Mimi niliweka sahani yangu chini nikaenda, nikagusa shingo yake na mgongo wa mkono, nikaangalia kama ana jasho, nikaangalia kama midomo inacheza. Binamu zangu wakaanza. "Askari wa Senge amefika!" "Nafula, si uwache mama wa watu alale, bana!" Senge akafungua jicho moja. "Niko hai," akasema. "Wacha kunibonyeza kama avokado ya soko." Kila mtu akacheka, hata mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimeshasikia shingo ni kavu, na hapo ndipo nilirudi kwa chakula yangu. Ilikuwa imepoa. Ukitoa Senge, hakuna mtu kwa ile tenti anajua kwa nini niko hivi. Hawakuwa Kitale ule mwaka. Nataka niandike saa hii, nikiwa bado na hasira ya kuchekwa, kabla nianze kujiambia ati haikuwa mbaya vile.

Sitaanza na baba alikuwa nani na mama alikuwa nani. Hizo tuziache. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa ya kukaa nayo tu, si ya kuenda nayo popote, na Senge akapigia baba simu: nitumie huyo msichana anisaidie na mahindi. Nikaenda Kitale na begi moja. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili kwa ploti ya mabati, upande wa barabara ya kuenda mahali panaitwa Kwanza, na ukiingia kitu ya kwanza unaona si kiti, ni magunia. Senge alikuwa anakodisha shamba huko Kwanza, analima mahindi, na pia ananunua kwa watu na kuuzia malori. Kwa hivyo sebule ilikuwa stoo. Magunia yalipanda mpaka karibu na mabati, na sisi tulikuwa tunakula katikati yao, mimi nimekalia gunia, yeye amekalia stuli, sufuria ya ugali kati yetu. Watoto wake walikuwa wameshaenda Nairobi, kwa hivyo ni sisi wawili tu na panya. Kila kitu ilinuka mahindi makavu na ile dawa ya kuzuia wadudu. Ukuta wa kututenganisha na jirani ulikuwa mbao na makaratasi, na jirani alikuwa Mama Kamau, wa zile familia zilitoka Mkoa wa Kati zikahamia Trans-Nzoia zamani, mama mnene wa kucheka na kukohoa. Ukipiga chafya huku, yeye anasema "pole" kule.

Senge alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi, na sisi wa Bungoma tulijua hivyo venye mtu anajua jirani ana ng'ombe mkali: ako, lakini hako kwako. Vidonge vyake vilikaa kwa mkoba wa kanisa. Akisikia vibaya anameza, akisikia vizuri anaacha. "Dawa ni ya mgonjwa," aliniambia wiki ya kwanza, "na mimi leo si mgonjwa." Alisema hivyo akiwa anasukuma gunia la mahindi na goti kama mtu anafunga mlango. Ningebishana na nani? Lakini wakati wa kupanda ulipofika akaanza kunywa maji. Alikuwa anakunywa jagi nzima amesimama, halafu anajaza ingine. Sketi zake zikaanza kuzunguka kiunoni mpaka akazifunga na kamba. Kwa ibada ya nyumbani alikuwa ananipatia Biblia, "Soma wewe, nimechoka," na mimi nikadhani ananipenda sana siku hizo, kumbe maandishi yalikuwa yamegeuka ukungu. Siku moja sokoni akakaa chini katikati ya kuongea bei na mtu, akakaa tu kama mtoto, na hakuweza kuinuka. Kwa hospitali walimlaza. Alipotoka, alitoka na sindano. Kudungwa tumboni asubuhi na jioni, kila siku, hakuna ile ya leo si mgonjwa.

Siku ya kliniki ilikuwa benchi ndefu mpaka nje. Nilidhani nitapata wazee peke yao. Kulikuwa na kijana wa tuk-tuk ameshika ufunguo mkononi, kulikuwa na mwalimu anasahihisha vitabu kwa mapaja, wengine wa sukari, wengine wa presha, wengine wa vyote viwili. Mzee mmoja wa koti kuukuu alikuwa anahubiria benchi. "Walituambia ati hii ni magonjwa ya matajiri. Sasa mimi ugonjwa umefika, utajiri haujafika. Si wangeleta vyote pamoja?" Benchi yote ikacheka. Mama alikuwa amekaa karibu naye hakucheka. Alikuwa na kiatu kimoja. Mguu wa pili uliishia kwa goti, na sketi ilikuwa imekunjwa hapo ikafungwa na pini. Senge aliangalia ile pini, halafu akachukua leso yake akafunika miguu yake yote miwili, polepole, kama mtu anaficha kitu kwa mwizi. Mimi ndio nilitaka kulia, na nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa nimeona watu wakizikwa, lakini ile pini sikuwa tayari nayo.

Ndani, sista muuguzi alitufundisha na chungwa. Unashika chungwa, unadunga, unatoa. Akauliza, "Nani anaishi na wewe?" na Senge akanisukuma mbele kama mbuzi ya mnada. Sista akaongea haraka juu watu walikuwa wengi. Insulini ikae mahali baridi, kama hamna friji weka kwa chungu kidogo ndani ya beseni ya mchanga wenye maji. Sukari ikipanda, hivi na hivi. Sukari ikishuka sana, hiyo nayo inaua mbio: akianza jasho na kutetemeka, akianza kuongea mambo haieleweki, mpe kitu tamu hapo hapo, halafu chakula. Kama hawezi kumeza usimmwagie mdomoni. Na usidunge kama hujui chakula iko wapi, sindano na chakula ni kitu moja. Nikaitikia ndio sista, ndio sista. Lakini akilini kulikuwa na ile pini tu. Ile ya kupanda iliingia, ikajaza nyumba yote, na ile ya kushuka ikabaki nje kwa mlango imesimama.

Jioni hiyo Mama Kamau akaja kusalimia. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nakunja nguo, nyuma ya pazia. Nikasikia stuli ikilia. "Basi wamekuweka kwa sindano, Mama Magunia?" Hilo ndilo jina alimpa. "Wameniweka." "Ngai, Mungu wangu. Baba Kamau walimweka sindano hakumaliza mwaka. Hiyo ndio ya mwisho, unajua? Baada ya hiyo hawana kitu ingine ya kukupa." "Sista amesema si hivyo." "Sista atasema nini? Akuambie uende upimwe sanduku?" Senge akacheka, lakini kicheko kilikatika kabla kifike. "Usiambie huyu msichana," akasema. Mimi nikiwa hapo, leso yake mkononi, nimeacha kupumua ndio pazia isicheze. Baadaye nilijua kwamba Baba Kamau alichelewa kuanza, alikuwa ameshaharibika ndani akiogopa sindano, ni uoga ulimmaliza. Lakini hiyo ni baadaye. Ule mwaka niliamini Mama Kamau kuliko sista, juu Mama Kamau alikuwa na kaburi ya kuonyesha na sista alikuwa na chungwa.

Kuanzia hapo asubuhi zangu zikaharibika. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo na kulala hapo macho wazi, nangoja kusikia ndara za Senge zikiburuta kwa sakafu. Zikichelewa, naanza kumzika. Naona tenti, naona baba yangu amevaa lile koti lake la mazishi, naona nani ataambia wanunuzi wa mahindi. Halafu ndara zinasikika, na mimi nakasirika na yeye, kama yeye ndiye alinitisha. Nikawa mkali. Nilitoa sukari yote kwa nyumba. Ile ya kopo, ile ya akiba chini ya kitanda, jemu, biskuti za wageni, hata peremende zilikuwa kwa mfuko wa koti lake la kanisa, zote nikapelekea Mama Kamau. "Leo nimeolewa na kiwanda cha sukari," Mama Kamau akasema, akipokea na mikono miwili. Nikapunguza ugali, nikaongeza mboga za kienyeji, mrenda na saga, nikakataa mafuta mengi. Senge alikuwa anaangalia kale kaugali kake kwa sahani. "Huyu ni mtoto wa nani?" anauliza ugali. "Mama yake ako wapi?"

Tuligombana kabisa siku ile kina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Walikuwa wameimba, wameomba, wamefungua macho, na sasa wamekaa kwa magunia wakingoja chai. Nikaleta chai. Mama wa kwanza akaonja akaweka kikombe chini polepole. Wa pili akaangalia ndani ya kikombe kama kuna mtu ameanguka huko. Walipoenda Senge akanishika mkono. "Nafula! Umepea wageni wangu chai ya matanga?" "Senge, sukari ni sumu kwako." "Kwangu! Na wao? Ati wewe unataka nizikwe watu wakisema hata sukari haikuwa kwa nyumba ya huyu mama?" "Mimi sitaki uzikwe!" Nilipiga kelele, na sauti yangu ikapasuka katikati, na nyuma ya ukuta Mama Kamau akakohoa kidogo, ile ya kusema amesikia na hatasema. Senge akaniachilia. Akakaa kwa gunia. "Wacha basi," akasema. "Watakunywa hiyo." Nikashinda. Nyumba ikabaki bila chembe ya kitu tamu, na mimi nikalala vizuri wiki hiyo.

Siku hizi nikisikia mtu kwa matanga akisema marehemu alikufa ghafla, damu inanipanda. Ghafla gani? Alikuwa anakunywa jagi nzima amesimama. Alikuwa ananipatia Biblia nisome. Hizo zote ni habari, ni vile hakuna mtu alisoma. Mimi napimwa sasa, kila nikipata nafasi, juu hii kitu iko kwetu: iliua kukhu, nyanya yangu, kabla ijulikane jina, iko kwa Senge, na baba amekataa kabisa kwenda kuangalia. Nikinyoosha kidole kwa ile mashine mimi hufunga macho. Daktari mmoja alinicheka, "Msichana mkubwa, unaogopa katone ka damu?" Si damu, bana. Ni ile namba inakuja. Mpaka leo imekuja mzuri. Natembea, napunguza hiki na kile, nakula sukuma kama sungura, na uoga hauishi, ni vile umepata kazi ya kufanya.

Sasa mavuno. Mahindi ya Kwanza yalikuwa yamekauka, yamevunwa, yamerundikwa shambani yakingoja mashine ya kupukuchua. Hiyo mashine inavutwa na trakta, inatoka shamba moja ikienda ingine, na wewe huiambii ije lini, inakuambia. Tuliambiwa itafika mchana. Asubuhi, Senge ameshadunga sindano yake, uji iko kwa jiko bado ni maji na unga, simu ikalia. Ni dereva wa mashine. Ako njiani saa hii, yule mtu mwingine hakuwa tayari, na kama hatutaki anapita anaenda mbele mpaka wiki ingine. Senge akaangalia nje. Mawingu yalikuwa yamekaa kwa mlima kama kofia. Mahindi yakinyeshewa baada ya kukauka, mwaka wote umeoza. "Twende," akasema. "Uji je?" "Tutakula huko huko." Na mimi, mwenye kelele ya sukari kila siku, niliona ni sawa. Akikosa uji, nilifikiri, sukari haitapanda.

Shambani hakuna mtu alikula. Mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma, vumbi la mahindi limefanya watu wote kuwa wazee, vibarua wanalisha mashine mahindi huku, punje zikimwagika kule. Kiongozi wao alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma kama sisi, mrefu, wa maneno, na kwa ulimi wake kila l inageuka r. Sisi tukawasha moto kando ya shamba tukaanza kupika: ugali kwa sufuria kubwa, sukuma, matumbo. Jua likapanda. Nikaona Senge anapitisha mkono kwa paji la uso. "Senge, onja hata kidogo." Akanikata na macho. Kwetu mwenye shamba hali kabla ya vibarua. Ukionekana unatafuna wakati wao wana njaa, watasema unakula jasho yao, na mavuno ijayo utapukuchua peke yako na kidole. Na mama anayepika ndiye wa mwisho kabisa, anakula kile kimebaki, amekaa karibu na moto. Senge alikuwa amekula mwisho maisha yake yote. Hakujua kula kwingine.

Vibarua wakaitwa, wakanawa, wakaanza kukaa kwa nyasi. Senge akachukua mwiko kukata ugali, na akakata vibaya. Akakatia mtu mmoja mlima, mwingine kijiko. Mtu mmoja akasema, "Mama, mimi nimekukosea nini?" na wakacheka. Senge naye akacheka, lakini akaendelea kucheka wakati wengine wameacha. Halafu akakasirika. Akarusha mwiko. Akaanza kuongea na mtu hako, ati toa ng'ombe kwa barabara, toa ng'ombe. Uso wote ulikuwa maji, blauzi imeshika mgongo, na upepo wa mlima ulikuwa baridi mpaka mimi nilikuwa na sweta. "Mama amelewa!" kijana mmoja akasema. "Ameonja busaa ya jana!" Wakaangua kicheko. Senge, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, ambaye hata maji ya zabibu anauliza imekaa siku ngapi. Akajaribu kutembea kwa magunia, magoti yakakataa, akakaa chini, na mikono yake ikaanza kucheza juu ya mapaja yenyewe, kama kuku amechinjwa.

Kicheko kikaisha. Mzee Wekesa akafika mbio. "Huyu mama ana nini?" "Ana sukari," nikasema. Basi kila mtu akawa daktari. Mpe maji. Mpeleke kwa kivuli. Mmoja akasema mpe soda, na Mzee Wekesa akamfokea, "Wewe! Mtu wa sukari hapewi soda! Ndugu yangu arikufa hivyo, warimpa soda akaenda! Mtoto, usikubari, utaua huyu mama." Aliniangalia mimi. Wote waliniangalia. Mimi ndio nilikuwa wa nyumbani. Na kwa kichwa changu kulikuwa na vitu viwili vinapigana. Kimoja kilikuwa pini, sukari ni sumu, mimi mwenyewe nimesema hivyo kwa mdomo wangu miezi yote, nimetoa mpaka peremende kwa nyumba. Kingine kilikuwa sauti ya sista, haraka, nyuma ya chungwa: jasho, kutetemeka, maneno haieleweki. Nikikosea upande huu namuua kwa mkono wangu, mbele ya watu wote. Nikikosea upande ule namuua pia, nimesimama tu. Nilitaka mtu mzima aje. Nilitafuta mtu mzima kwa macho, na wote walikuwa wananiangalia.

Nikajiuliza swali moja. Amekula nini leo? Hajala. Amedungwa, hajala. Sindano na chakula ni kitu moja, na chakula haikuja. Sasa kitu tamu kiko wapi? Kwa shamba yote, hakuna. Chai hatukupika. Mahindi, mahindi, mahindi mpaka macho iishie, na hakuna kitu tamu. Halafu nikaona dereva wa mashine, amekalia tairi ya trakta, chupa ya soda kati ya magoti, imefika nusu. Nilikimbia nikainyakua. "We! Hiyo ni yangu, bana!" Sikugeuka. Mzee Wekesa akashika mkono wangu, akashika kwa nguvu. "Mtoto, nimekuambia." Nikamwambia, na sijui sauti ilitoka wapi, "Mzee, akikufa mniue. Lakini niachilie." Akaniachilia. Sidhani alikuwa ameamini. Aliogopa tu, kama mimi.

Nilipiga magoti nikainua kichwa cha Senge. "Meza. Senge, meza." Nikaweka kidogo kwa midomo, nikangoja koo imeze. Ikameza. Kidogo tena. Ingine ikamwagika kwa kidevu ikaingia kwa blauzi. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hivyo shamba yote ilikuwa kimya, unasikia hata moto. Hakuna kilichobadilika. Aliendelea kutetemeka na macho yake yalikuwa yananipita yakienda nyuma yangu. Nikajua nimemuua. Nilijua kabisa, venye unajua umedondosha kikombe kabla kifike chini. Nyuma yangu mtu mmoja akaanza kumwomba Mungu kwa Kibukusu, "Wele, Wele," polepole. Mimi nikaendelea kumpa juu sikujua kitu ingine ya kufanya na mikono. Soda ikaisha. Nikakaa hapo na chupa tupu na kichwa chake kwa mapaja yangu, nikimpangusa jasho, na ikaja ingine, nikapangusa, na ingine ikaja kidogo, na ingine haikuja.

Macho yake yakarudi. Sijui kusema vingine. Yalikuwa mahali, halafu yakarudi yakanipata. Akaangalia mawingu, akaangalia watu wamesimama na mikono imelowa maji ya kunawa, sahani kwa nyasi zimepoa. "Nafula," akasema, sauti kama ya mtu ametoka usingizini. "Wamekula?"

Nikaanza kulia hapo, bila aibu. Nikamletea sahani, ugali na matumbo. Akaisukuma. "Pea watu kwanza." "Senge, sista alisema chakula." "Pea watu." Bado anatetemeka, bado hawezi kukaa bila kushikwa, na anakataa. Ni Mzee Wekesa alimaliza hiyo maneno. Alikuwa amekaa chini amevua kofia. Akasimama akaambia vibarua wake, "Kira mtu aweke sahani chini. Hakuna mtu ataguza ugari hapa mpaka mama amekura." Mmoja akanung'unika kitu kuhusu njaa, na mzee akamgeukia. "Na wewe ndio urisema amerewa. Kaa." Wakakaa. Vibarua wote, kwa nyasi, mikono kwa magoti, wakimwangalia. Senge akakata tonge, akaangalia chini kama bibi arusi, akaweka mdomoni. Nilimwona anavyoona haya. Machozi yalikuwa yanashuka, na anatafuna. Dereva naye akauliza, kwa sauti ya chini, "Na soda yangu?"

Mahindi tuliyapata kabla ya mvua. Lakini kwa njia ya kurudi, tumebanwa mbele ya lori na magunia yetu nyuma, Senge akasema, bila kugeuka, "Kesho sidungi." Nikamgeukia. "Unasikia? Hiyo sindano ndiyo ilitaka kuniua. Si sukari." Na nyumbani Mama Kamau aliposikia, alishika mdomo kule upande wake. "Nilisema mimi. Si nilisema?" Uoga wangu wote wa ule mwaka, ukiweka pamoja, haukufika ule. Kwa shamba nilikuwa na chupa ya kunyakua. Sasa kulikuwa na nini cha kunyakua? Mtu akishaogopa dawa yake, hakuna soda ya hiyo. Angeacha, angeanza tena kunywa jagi amesimama, halafu pini. Nilitaka kumwambia tulikosea mahali pamoja tu, ni uji, ni uji tu tuliacha kwa jiko. Nikaenda kwa Mama Kamau, nikamwomba anirudishie sukari ya kopo. Akanipatia bila mzaha wowote. Nikaiweka mezani, mahali inaonekana.

Asubuhi nilimpata Senge ameshaamka, amekaa kwa stuli kati ya magunia mapya. Alikuwa amepika uji mwenyewe. Bakuli ilikuwa mbele yake inatoa moshi, na karibu nayo sindano, ameshavuta dawa, na anaiangalia tu. Nilisimama mlangoni. "Nafula, naogopa," akasema. Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima wa kwetu akisema hilo neno juu yake mwenyewe. Ningeweza kumwambia usiogope, na angejua nadanganya. "Mimi pia, Senge." Akatingisha kichwa polepole, kama tumekubaliana bei. "Basi tuogope tukiwa tumeshiba."

Akavuta bakuli karibu mpaka ikagusa goti lake, akainua blauzi, akadunga. Uso ukakunjamana. Halafu akachukua kijiko akaanza kula, haraka, macho kwa ukuta, mpaka chini ya bakuli, na hakuniuliza hata mara moja kama mimi nimekula.